Nyumba Aliyoingia Makame

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hadi leo nageuza uso, hata kama chumbani niko peke yangu. Ilikuwa baada ya sala ya Alasiri, mtaani Mlandege, nami nimesimama mlangoni kwa fundi cherehani nikingojea suruali yangu ipindwe. Nikamwona Makame anapita upande wa pili wa njia, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi. Akatazama nyuma, akatazama mbele, kisha akaingia kwenye nyumba ya ghorofa iliyokuwa pale kona. Nikajisemea: huyu ana lake jambo.

Kabla sijaendelea, nikwambie mimi ni mtu wa namna gani, usije ukaniamini haraka. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua samaki Darajani nampindua mara tatu, namfunua mashavu, na nikifika nyumbani namnusa tena. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu mno najiuliza anataka nini. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba hata malaika wa kutoa roho akija, mimi nitamtaka kwanza kitambulisho. Basi nisikilize, lakini na wewe unisikilize kwa hadhari.

Vijana wa sasa mnamjua Makame kwa jina tu. Alikuwa mtu wa Tumbatu, mwembamba, mpole wa maneno, na alicheza winga wa kushoto katika timu yetu ya mtaa. Alipopata mpira, beki wa upande ule alianza kuita wenzake kabla hata hajafikiwa. Watu walifunga maduka mapema kuja kumtazama. Na mimi nilikuwa winga wa kushoto vile vile, maana yake nilikuwa benchi. Misimu miwili nilifunga kamba za viatu na kuzifungua. Sikumchukia, usinielewe vibaya, tulikuwa tukila sinia moja. Lakini mtu ukikaa nyuma ya mwenzio muda mrefu unamtazama sana, na ukimtazama sana unaanza kuona mambo, yaliyopo na yasiyokuwepo.

Mwaka ule kulikuwa na vita, mbali huko mpakani, na vijana wakaitwa jeshini. Wengine walijitokeza wenyewe, wengine walipelekewa barua. Makame alipelekewa barua. Siku aliyoitwa alikwenda, hakujificha, akasimama mbele ya maofisa akasema kwamba atachimba, atapika, atabeba majeruhi, lakini bunduki hashiki. Alipoulizwa sababu, akasema hiyo ni yake na Mola wake. Sheria ikachukua mkondo wake, akahukumiwa, akakaa ndani miezi kadhaa.

Mtaa ukagawika. Barazani kwetu ikawa asubuhi ni Makame, jioni ni Makame. Hawa wanasema ana msimamo, wale wanasema mwoga. Golikipa wetu, Foum, alikuwa na kaka yake aliyekwenda vitani wiki ile ile, na hakurudi tena. Basi Foum hakutaka kusikia.

"Kaka'ngu naye ana mama," alisema, macho mekundu. "Mbona yeye kakwenda?"

Hapo ndipo mimi nilipofungua mdomo.

"Nyie mnabishana juu ya woga," nikasema. "Mie nlimwona. Siku mbili kabla ya kwenda kwa maofisa, kaingia nyumba ya mwenyekiti wa wale. Kajifinika kofia, hataki kuonekana."

Wale walikuwa timu hasimu yetu, na mwenyekiti wao alikaa juu ya nyumba ile ya kona. Sikuongeza neno. Nilichukua kikombe changu cha kahawa nikanywa, nikawaacha wenzangu wamalizie wenyewe. Wakamalizia. Wakasema, ahaa, kumbe miguu yake anaiwekea wale! Siku ya tatu habari iliponirudia nilikuta Makame keshaahidiwa nyumba, safari ya Arabuni na mke wa pili. Nilisikia yote hayo nikatikisa kichwa kama mtu anayehuzunika.

Alipotoka, wakubwa wa timu wakaita Halbadiri. Ninyi wa leo labda mnaiogopa bila kuijua. Ni kisomo, wanaalikwa walimu, unafukizwa ubani, na wanaapizwa walioficha ubaya wao, Mungu awafichue. Walisema isomwe kwa aliyeisaliti timu, bila ya kutaja jina. Kila mchezaji akaketi mkekani. Nilikaa mkabala na Makame makusudi, nimtazame midomo. Kila palipotakiwa kuitikia amini, yeye aliitikia kwa sauti. Nikasema moyoni, mtazame alivyo na uso mkavu! Mimi mwenyewe niliitikia kwa sauti ndogo, na wala sikujiuliza kwa nini.

Baada ya hapo hakuna aliyempa pasi. Hakufukuzwa, hapana. Alikuja mazoezini, akasimama pale pembeni kushoto mikono kiunoni, na mpira ukapita kwa wengine alasiri nzima. Mara moja mpira ulinijia mimi na yeye yuko wazi, hana mtu, kanyanyua mkono. Nikaurudisha nyuma kwa golikipa. Siku ya nne alivua viatu, akavifunga pamoja kwa kamba zake, akaondoka. Nikasikia amehamia Kidichi kwa wakwe zake, anachuma karafuu na kubandua mdalasini.

Jezi yake nilivaa mimi. Misimu miwili. Nilicheza vizuri tu, kama unataka kujua, wala hapana aliyefunga duka kuja kunitazama.

Tangu hapo nikawa naiogopa ile Halbadiri. Jino likiniuma nasema hii hapa imekuja. Mtoto akipata homa, nasema imekuja. Biashara yangu ya vitambaa ilipoyumba, nikasema sasa ndiyo yenyewe. Mtu asiye na kosa haendi maisha yake yote akingojea kuadhibiwa, nami nilikuwa nikingojea. Lakini ukiniuliza wakati ule, ningekuapia kwamba nilisema nilichokiona na basi.

Mwaka huu Makame amefariki. Sikwenda kumzika, nilisema goti linaniuma. Vijana wa maskani yetu wakataka kumchora ukutani pale wanapokaa, picha kubwa, na jina lake chini. Kiongozi wao ni mjukuu wangu, Nassor, kijana mwenye akili na mdomo. Foum akakataa. Ni mzee sasa, anatembea kwa mkongojo, lakini alikuja mpaka maskani akawaambia kwamba mtu aliyekataa kwenda na akajiuza kwa mahasimu hachorwi kwenye ukuta ambao kaka yake hakuchorwa. Wakabishana siku nyingi, na neno lile langu la kahawa likawa linarushwa huku na huku na watoto ambao baba zao walikuwa hawajazaliwa nilipolisema.

Nassor akanijia. "Babu, wewe ulicheza nae. Ijumaa baada ya sala uje useme ukweli, sisi tutafuata utakalosema."

Nikasema nitakuja. Kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu.

Siku ya pili yake nikenda Kidichi kuhani. Mjane wa Makame, Bi Mwana, alikuwa bado yumo ndani ya eda, kwa hiyo hakutoka. Niliwekewa kiti ukumbini, yeye akaketi nyuma ya pazia. Ilikuwa tabu kwangu, kwa sababu nimezoea kumsoma mtu uso, na pale uso haukuwepo, kulikuwa na kitambaa cha maua tu.

"Pole na msiba, Bi Mwana."

"Tushapoa. Nani mwenzangu?"

"Khamis, wa Mlandege."

"Khamis winga."

"Naam."

Nikamweleza habari za ukuta na kwamba nimetakiwa nikashuhudie. Nikamwomba, ikiwa anajua sababu ya Makame kukataa, aniambie. Akasema anaijua, na akaanza kwa kuniuliza yeye.

"Ile nyumba ya kona, juu alikaa mwenyekiti. Chini alikaa nani?"

Mwanangu, chini alikaa Sheikh wetu, mzee asiyeona, na mimi mwenyewe nilisomeshwa Kurani katika chumba kile tangu nina miaka sita. Nilikuwa nikikijua mpaka mkeka wake. Nilipomwona Makame akiingia mlango ule, nilijua kwamba nyumba ile ina watu wawili. Nilichagua wa juu.

Bi Mwana akanieleza. Makame alipokuwa kijana, kabla hajaja mjini, alikwenda kuwinda nguruwe mashamba na wenziwe. Akapewa bunduki ya kuazima aishike tu. Ikafyatuka, ikampata kaka yake mkubwa, akafa pale pale. Watoto wa mama yao walikuwa ni hao wawili. Mama akamtia mkono juu ya msahafu, akamwapisha kwamba hatashika bunduki tena, na kwamba hatalisema jambo lile nje ya nyumba yake madhali yeye mama yu hai. Barua ya jeshi ilipokuja, akaenda kwa Sheikh kumuuliza kama anaweza kuivunja yamini, kile kiapo cha bunduki.

"Sheikh kamwambia kafara ipo, afunge siku tatu," alisema Bi Mwana. "Akarudi nyumbani akanambia, siku tatu ntafunga, Mwana, sasa kaka'ngu ntamfungia ngapi?"

Nikasema lile nililolikimbia maisha yangu yote, nikalisemea pazia: kwamba habari ya kujiuza ilitoka kwangu.

"Alijua," akasema. "Tokea siku ya kisomo alijua, alikuona unavyomtazama. Kesho yake kenda peke yake kwa walimu kawaomba wakuombee msamaha, kawatajia jina lako, lisikupate lolote. Mie nisingekwenda, Khamis. Nakwambia mbele ya Mungu. Mie ningeacha likupate."

Nikamuuliza kama naruhusiwa kuisema habari ya bunduki. Akasema mama keshatangulia, niseme. "Lakini usende ukasema la bunduki ukaacha la kwako. Ukisema moja bila ya jengine nitasikia."

Njiani kurudi mjini nilianza kumshuku hata yeye. Nikasema labda ametunga, labda Makame hakujua kitu. Unaona ugonjwa huu ulivyo? Niliambiwa kwamba nimesamehewa, nami nikatafuta kasoro.

Ijumaa nilisimama mbele ya ukuta ambao ulishapigwa chokaa. Nilisema la bunduki, na vijana wakainamisha vichwa. Nikaona namna wanavyonitazama, wananiheshimu, na shetani akaniambia, ishia hapo hapo. Goti kweli liliniuma siku ile. Nikasema na la kwangu. Nikasema kwamba chini alikaa Sheikh na nilikuwa nikijua, na kwamba aliyefaidika na maneno yale ni mimi, nilipata jezi.

Foum alikuwa ameketi juu ya ndoo ya rangi. Alichukua muda kunyanyuka.

"Kwenda, hakwenda," akasema. "Hilo silifuti, kaka'ngu alikwenda. Lakini la kujiuza nimelisema miaka yote hii kwa sababu yako wewe, na leo nalifuta." Akaniangalia juu chini. "Nimemnyima salamu mtu asiye na kosa hilo mpaka kafa, ndo ulonifanyia." Akaondoka bila ya kunipa mkono.

Nassor hakunitazama. Alikuwa anafuta brashi ambayo haikuwa na rangi. Kisha akauliza, kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyonichoma.

"Babu, na yale mengine uliyotupa? Habari za watu wa mtaa huu, nani mwizi, nani mchawi, nani mtoto wa nani. Tumekua nayo. Ngapi katika hizo ulikuwa na hakika nazo?"

Nikamwambia kwamba sijui.

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Dunia hii ina watu wabaya, na samaki mpindue. Ninachokwambia ni hiki. Unapomshuku mtu, jiangalie kwanza wewe: akiwa mbaya, utapata nini? Ikiwa kuna jezi inakungojea, basi macho yako hayafai kutoa ushahidi. La pili, muulize mwenyewe. Makame tulimbishania jana na leo, na katika mtaa mzima hapakuwa hata mtu mmoja aliyekaa naye kitako akamuuliza, ndugu yangu, una nini? Pengine asingenijibu kwa ajili ya yamini yake, lakini ningejua kwamba ana mzigo. Na la mwisho, ukishakosa, usingojee kifo cha uliyemkosea. Mimi sasa naomba radhi kwa pazia.

Kuhusu Makame, achorwe asichorwe, shujaa au si shujaa, sitakuamulia. Foum ana haki yake na marehemu ana yake, na nyinyi mna vichwa. Amueni mkiwa na habari kamili.

Nenda, Mungu akujaalie macho yasiyo na husuda na ulimi unaojua kungoja. Akukinge na watu wa aina yangu, na akukinge usiwe mmoja wao. Na wale uliowakosea, akukutanishe nao wakiwa hai, uwaone nyuso zao. Amin.