Jina la Kumi na Mbili Kwenye Lori la Vita

Mke wangu amenikataza kuisimulia hii, anasema mtanicheka. Chekeni. Mie nimeshachekwa kwa mengi, lakini hili sikulitunga. Ningekuwa na kipaji cha kutunga, ningekuwa bado naandika bei za chipsi kwenye vibao hapa Chamazi?

Ndiyo kazi yangu hiyo, kuandika kwa brashi: majina ya maduka, misemo nyuma ya malori, "Usiegeshe Hapa" kwenye mageti. Niliishia kidato cha nne na tangu hapo sijaenda mbali. Mie mtu wa nyumbani. Kariakoo naendaga mara mbili kwa mwaka, na zote narudi kichwa kinagonga. Kwa hiyo jirani yangu Mzee Ngonyani aliponipa kazi uani kwake, hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu, nilimshukuru Mungu. Nilimshukuru mapema.

Mzee alikuwa amenunua huko kwao Songea lori la jeshi lililokwenda vita vya Kagera. Baada ya vita lilibeba mihogo na mkaa mpaka likachoka. Yeye alitaka lirudi kama lilivyokuwa siku linakwenda mbele: benchi za mbao pande zote, turubai, taa zimezibwa ukaachwa ufa mwembamba tu, ndege za adui zisione mwanga. Rangi ya kijani aliikataa mara tatu. "Hii ya mchicha, kijana. Nataka ya jeshi." Kijana mwenyewe ana miaka arobaini na tisa, lakini haya.

Tulipokwangua rangi za juu, ndani ya mlango wa nyuma wa bodi yakatokea majina. Meupe, yamefifia, mwandiko wa mtu mmoja, moja chini ya jingine. Niliyahesabu kwa kidole: kumi na moja. Mzee alivua kofia, akayapiga picha kwa simu yake.

"Hao ndio waliopanda humu," akasema. "Yafufue kama yalivyo. Usiongeze, usipunguze."

"Walirudi, Mzee?"

"Ningejua ningekwambia."

Niliyamaliza siku ya Ijumaa, saa saba mchana, jua la kuchoma utosi. Mafundi wengine wote walikwenda kuswali. Mie nilibaki, niliwaambia rangi itaniharibikia. Uongo mtupu. Nilikuwa mvivu wa kutembea mpaka msikitini.

Sasa nisikilizeni, maana ujinga wangu uko hapa. Sie watu wa brashi tuna desturi: ukimaliza kazi unaweka jina lako chini, ndilo tangazo lenyewe. Mkono wangu umefanya hivyo miaka ishirini na tano, hauombi tena ruhusa kichwani. Nikamaliza jina la kumi na moja, brashi bado ina rangi, nikashuka mstari mmoja nikaandika la kwangu. Jina kamili, la shuleni. Herufi zile zile.

Niliponyanyua kichwa, kuna mwanajeshi kasimama ubavuni pangu.

Magwanda ya kizamani lakini hayana hata kiraka. Mabuti yamejaa udongo mwekundu, na uani kwa Mzee ni mchanga mtupu. Nikajua ni mtu kaletwa kupigwa picha. Kwa umri ningeweza kumzaa, lakini shikamoo ilinitoka yenyewe. Hakuitikia. Akaweka kidole kwenye jina la kwanza, akaliita kwa sauti.

Ndani ya bodi mtu akajibu: "Nipo, afande!"

Niaminini. Lori halikuwa na injini. Lilikuwa juu ya magogo, halina tairi hata moja, na bodi nilikuwa nimeifagia mwenyewe, tupu. Lakini kila jina lilipoitikiwa, springi zililia na bodi ikashuka kidogo, kama mtu kapanda na mzigo wake. Mara kumi na moja. Mnadhani nilikimbia? Na mie siku zote nilidhani ningekimbia.

Kidole kikafika kwangu. Nikajiambia nyamaza. Wallahi nilijiambia nyamaza. Mdomo ukafunguka: "Nipo, afande!" Sauti ya kijana, wala si hii yangu yenye kikohozi.

Mguu ukapanda. Sikuupandisha mie. Mkono nisiouona ukanishika kwapani, kwa upole, na mtu akasema ndani: "Sogeeni, mwenzetu akae." Niliwasikia wakisogea. Huo upole ndio uliotaka kuniliza.

Hapo mke wangu akapaza sauti ng'ambo ya ukuta: "Baba Nasra! Wali unapoa huku!"

Yule mwanajeshi akakunja uso. Akarudisha kidole juu, akapitia majina yote taratibu. "Baba Nasra," akasema. "Hayumo."

Mkono ukaniachia. Nikaanguka chali, kopo la rangi tumboni. Nilipoinuka hapakuwa na mtu. Mke wangu alipoona nilivyo, akauliza kama nimekunywa tina ya kuyeyushia rangi.

Nilitaka kulifuta jina siku ile ile. Nikamwaga tina, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa. Asubuhi lilikuwepo, tena limepasukapasuka kama rangi ya zamani. Nikaenda kumwungamia Mzee kwamba nimeongeza jina.

"Umeongeza lipi?" akanishangaa. "Si yalikuwa kumi na mawili?" Akafungua simu, akanionyesha ile picha ya siku ya kwanza. Nimo. La mwisho chini, limefifia.

Tangu hapo siitikii jina langu. Hospitali waliliita dirishani mara tatu, nikaangalia dari, zamu ikapita. Nyumbani wamezoea. Mke wangu ananitania mbele za watu, lakini nimegundua na yeye halitamki.

Sasa lori limepata injini. Jumamosi Mzee anataka lizunguke mtaa na mie nikae nyuma, eti kazi ni yangu. Nikamwambia naumwa. Akacheka: "Basi nitalileta mpaka mlangoni kwako."

Nanyi mnaopenda kuacha majina yenu kila mahali, ukutani, kwenye miti, kwenye madawati ya shule: ulizeni kwanza nani mwingine kaandikwa hapo, na anakwenda wapi. Na ukipita Chamazi Jumamosi, ukakuta lori la kijani linanguruma mlangoni pangu, kama unanifahamu, nakuomba sana, usiniite kwa jina lile.