Nilivyomwacha Babu na Piko Kichwani

Mimi ni kinyozi hapa Tezo. Shule niliishia la nane, na hilo la nane lenyewe tulimaliza kwa kuvumiliana, mimi na mwalimu. Kibanda changu ni mabati na kioo kilichopasuka. Mteja akilalamika upande mmoja umekaa vibaya, namwambia ni kioo.

Wateja wangu wa maana ni wazee. Huku kwetu mzee mwenye mvi hana amani. Mtoto akiugua, mwenye mvi ndiye mchawi; vijana wanaanza kumtazama kichwani, na wakishamtazama sana wanakuja na panga. Basi wazee huja kwangu mapema niwapake piko, nywele ziwe nyeusi. Napaka, nangoja ishike, kisha naosha kwa maji mengi mpaka yatoke safi. Kuosha ndiyo kazi yenyewe.

Siku ile aliyekaa kitini alikuwa babu yangu. Tulikuwa na mazishi. Binamu yangu, mgema, alikuwa ameanguka kutoka mnazini, na baba yake, yaani ami yangu, alikuwa ameshaanza kunong'ona kwamba mtu haanguki bure. Ami alitaka shamba la babu liuzwe. Babu, ambaye ni baba yake mzazi, alikuwa amekataa.

"Nipake vizuri," babu akaniambia. "Leo wataniangalia sana."

"Nitakupaka mpaka bibi aniache mimi akurudie wewe."

"Mke wangu mwenyewe unanigawia, mbwa wewe!" Akacheka mpaka piko ikamwingia sikioni.

Ndipo kelele zikapigwa nje: "Mwizi! Mwizi wa mbuzi!"

Nisiwadanganye, nilifurahi. "Ikishika jioshe, ndoo hiyo hapo," nikamwambia babu, nikatoka mbio.

Walikuwa wameshamwangusha, kijana wa rika langu, kamba ya mbuzi bado kaishika. Nilimpiga teke la mbavu, nikasikia kitu kimevunjika ndani. Nikamwinamia: "Kaka, leo tukunyoe mtindo gani?" Watu wakaangua kicheko. Mmoja aliyekuwa na jiwe akalishusha huku anacheka, na jicho la kushoto la yule kijana likapasuka. Tukamwacha mtaroni anakoroma. Nilijiona fundi.

Kutoka pale tukaenda mazishini moja kwa moja, na fimbo zetu.

Babu alikuwa amesimama kaburini, kofia kichwani, jua la saa saba. Ile ndoo, kumbe, ilikuwa tupu. Nilisahau kuchota. Mzee wa watu alijifuta kwa kitambaa akavaa kofia yake. Sasa jasho likaanza. Mstari mweusi ukateremka kwenye paji la uso, ukapita puani, ukadondokea shati jeupe. Wa pili ukafuata.

"Tazameni!" ami akapiga ukelele. "Uchawi unamtoka! Amemla mwanangu!"

"Ni piko! Ami, nimempaka mimi!"

"Kama hana kitu, anajificha nini?" akauliza yule wa jiwe.

Nikajaribu mzaha, maana sina kingine. "Kama piko ni uchawi, basi mabibi harusi wote wa Malindi wanaojipamba nayo ni wachawi!"

Hakucheka mtu.

Panga la kwanza likamkata babu sikio. La pili lilipoinuliwa nilikuwa nimeshamlalia, na fimbo zikanishukia mgongoni. Mwenye kunipiga suruali yake bado ilikuwa na damu ya mwizi wa mbuzi. "Kinyozi, toka bwana, unatuharibia kazi," akaniambia, kwa upole kabisa. Babu chini yangu ananong'ona: "Toka, mjukuu wangu. Watakuua."

Aliyewazuia ni bibi. Alipita katikati yao akasimama mbele ya ami, mkono kwenye fundo la leso yake.

"Mimi ndiye niliyekuzaa," akasema. "Nikifungua hii leso utapaona ulipotokea, na hutaona kingine tena."

Hiyo laana ya uchi wa mama huku hakuna anayeichezea. Fimbo zikaanguka moja moja. Ami akageuza uso, wenzake wakaondoka kama waliokumbuka shughuli nyingine.

Mwizi wa mbuzi hakuwa na bibi pale. Sijui kama alipona, na sijauliza. Naogopa kujibiwa.

Babu sasa yuko Mnarani kwa shangazi, na sikio moja. Nilipompelekea piko aliisukuma. "Mpe ami yako. Naye mvi zimeanza kumtoka."

Nikadhani ni utani. Juzi, asubuhi mapema, ami akaingia kibandani, akavua kofia, akakaa. Hakunisalimu, na mimi sikumwamkia. Nikampaka. Hata haijashika vizuri, nje kelele: "Mwizi!"

Miguu ikaniwasha. Ami akanitazama kiooni, piko inamchuruzika shingoni.

"Hutaniacha hivi," akasema. Sauti ilikuwa ya babu kabisa.

Nikafunga mlango, nikachukua ndoo. Nilimwosha mara tatu.