Usimwulize Nani Alishinda

Iko siku moja ya Desemba ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Zima hiyo simu kwanza.

Ulikuwa bado unanyonya nilipoanza kazi katika nyumba ya kutunza wazee kule mtaa wa Skärholmen, tukiwa wageni nchi hii. Tulikuwa na bibi mmoja Mbelgiji, tukiongea naye Kifaransa. Alikuwa msichana mdogo vita vya pili vya dunia vilipofika kwao, mwishoni kabisa, kwenye misitu ya theluji. Siku hiyo televisheni ilionyesha kumbukumbu ya mapigano yale: bendera, mashada, wakubwa ndani ya makoti mazuri. Kijana mmoja wa kazini akamletea keki.

"Hongera, Bibi! Leo ni siku yenu. Mlishinda!"

Bibi akasukuma sahani. "Nani alishinda? Mama yangu alitoka kuchota maji, bomu likamkuta. Ardhi ilikuwa barafu, jembe halikuingia. Tukamlaza ghalani mpaka theluji ilipoyeyuka. Hakuna aliyekuja kutupa pole."

Hata matanga hakuna! Miaka yote hiyo! Nikazima televisheni, nikaketi sakafuni miguuni pake, kama tunavyoketi kwetu Bukavu na mfiwa. Msimamizi akaja: "Inuka, watu wanasubiri kahawa." Nikamwambia kahawa ingoje, hapa kuna msiba. Alinuna. Mwache anune.

Lakini hasira hasara, ikanisahaulisha msiba ni wa nani. Nikaanza: "Bibi, hata sisi kwetu Kivu, vita vile..."

Akaniwekea mkono kichwani. "Nyamaza, mtoto. Yako utanieleza kesho. Leo ni zamu ya mama yangu."

Nikabaki pale pale sakafuni. Akalia mpaka giza likaingia, na huku, unajua, Desemba saa tisa alasiri ni giza.

Nakwambia haya kwa sababu jana nilikusikia kwenye ngazi ukimwuliza yule mtoto mgeni wa ghorofa ya chini, aliyekimbia vita: "Kwenu nani anashinda?" Kwa Kiswidi, tena unacheka. Uso wake niliuona, wewe hukuuona. Ingekuwa Bukavu ungeonja kofi. Huku wanakataza, basi onja maneno.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyetoka vitani usimwulize mshindi. Mwulize amempoteza nani, kisha kaa chini unyamaze, hata kama nawe una lako.

Vaa viatu, ushuke ukamwombe radhi. Mungu akuepushe na vita, mwanangu, na siku utakayofiwa akupe mtu wa kuketi nawe. Amina. Haya, nenda.