Dawa ya Damu Aliyoikubali Mama

Mama alianza kula udongo kabla sijajua kwamba anaumwa. Nilimkuta nyuma ya jiko akitafuna udongo mweupe, ule unaouzwa sokoni kwa wajawazito, na aliponiona akajifuta midomo kwa ncha ya kitenge, kama mtoto aliyeiba sukari. Tayari alikuwa hawezi kutoka nyumbani hadi barabarani bila kukaa chini njiani. Nilisema moyoni kwamba ni uzee.

Lakini mimi si mtu wa kukaa na kukisia. Nilizaliwa kambini Tanzania, mama akiwa mkimbizi, nikauza sabuni asubuhi na kusoma jioni, na diploma yangu ya biashara hakuna mjomba wala mfadhili anayeweza kusema ni yake. Niliporudi kwetu Rumonge, kando ya ziwa, sikuja na mkono wa kuomba. Leo nina mashine ya kukamua mawese, ya injini, na wanawake wa kutoka kwetu hadi Minago wananiletea chikichi zao. Nilimpakia mama kwenye pikipiki ya kukodi, mimi nyuma yake nikimshika, tukaenda mjini.

Muganga wa hospitali alimpima damu, akampima na tumbo. Hakuona kidonda wala minyoo. Alisema madini ya chuma yamekwisha mwilini, na bila hayo damu haitengenezwi.

"Amekula muhogo mtupu kwa miaka mingi," aliniambia kando. "Sasa moyo unachoka. Tumpe dawa ya kuongeza chuma. Damu isipopanda, itabidi aende Bujumbura awekewe damu ya mtu mwingine, na kwa umri wake sijui kama moyo utaivumilia."

Basi kazi ilikuwa moja: mama ameze dawa, na isimtoke.

Vidonge vya kwanza vilikuwa vya kawaida, vyekundu, vile wanavyopewa wajawazito wote. Alivimeza asubuhi kabla ya kula, na kila asubuhi alitapika. Alisema tumbo linawaka kama amekunywa mafuta ya injini. Nikamwambia ameze baada ya chakula, asinywe chai karibu na dawa, atumie maji ya ndimu. Kutapika kukapungua, lakini kichefuchefu kikabaki na tumbo likafunga. Nilirudi kwa muganga, akasema ameze siku moja na kupumzika siku moja. Hapo ndipo alipoanza kuvumilia kidogo.

Karatasi ya ndani ya kisanduku ilikuwa ya Kifaransa. Nilimkalisha mama barazani nikamsomea kwa Kiswahili, mstari baada ya mstari, naye akitikisa kichwa kwa fahari kwamba mtoto wake anasoma lugha ya wakubwa. Mstari mmoja niliuruka, ule unaosema choo kitakuwa cheusi. Kwetu mtu hamsomei mama yake habari za choo chake. Hata leo nisingemsomea.

Wakati huohuo jirani yetu alikuwa akimletea mama chakula. Inabidi niseme jirani huyo ni nani. Tulipokuwa Tanzania, yeye na mume wake walipewa shamba letu, wakajenga, wakazika watoto wawili humo. Tuliporudi, wakubwa wa serikali ya komini walipiga mstari katikati ya michikichi: upande huu wenu, upande ule wao. Mwaka wa kwanza mama hakujibu salamu yake. Mume wake alipokufa, mama alikwenda kwenye msiba akakaa nyuma kabisa. Baada ya hapo wakaanza kuombana chumvi, kisha moto, kisha wakawa wanakaa pamoja wakichambua ndagala, wale dagaa wa ziwani, na kunisema mimi kwamba nafanya kazi kama mwanaume.

Alipojua mama hana damu, alianza kuvuka mstari kila mchana na bakuli la mboga ya lengalenga na ndagala, limefunikwa kwa sahani.

"Mukecuru, amahoro," alikuwa akisema, kwa maneno yale ya Kirundi ya kumsalimu mwanamke mzee kwa heshima. "Kula hii, damu irudi. Huyu mutoto wako iko na mashine, lakini mboga hajui kupika."

"Hajui," mama alijibu. "Diploma haikaangi kitunguu."

Waliniteta hivyo mbele yangu, wakacheka, nami niliwaacha. Mama alikuwa anakula.

Siku moja nilirudi kutoka kwenye mashine nikakuta bakuli limewekwa juu ya jiwe la mpakani, limefunikwa vilevile, halijaguswa. Kwetu chakula hakirudishwi hivyo. Ukishiba, unakula kidogo na kuomba radhi. Ukikirudisha na kifuniko chake, umesema jambo ambalo mdomo hautaki kusema.

Mama alikuwa amelala akitazama ukuta.

"Nimelishwa," alisema.

"Umelishwa nini, mama?"

"Usiniulize nini. Tumbo langu linatoa lami. Nimewaona watu wakifa hivyo, kabla hujazaliwa. Alisubiri nimzoee, ndipo akafanya. Mimi nikifa, nani atakumbuka mstari ulipita wapi?"

Nilimweleza. Nilileta karatasi nikamwonyesha maneno yenyewe, na aibu nikaimeza. Akanitazama kwa huruma.

"Siku ile ulinisomea yote. Hayo hayakuwemo."

Nilimrudisha kwa muganga, akapima choo, akahakikisha hakuna damu ndani, ni chuma tu ambacho mwili haukukichukua. Mama alisikiliza kwa adabu, akasema murakoze, asante, na njiani akaniambia yule muganga naye ni wa upande wa kina jirani. Tangu siku hiyo hakula kitu cha jirani, na vidonge navyo akaviacha. Mtu aliyelishwa sumu, alisema, hajazi tumbo vitu asivyovijua.

Jirani alikuja jioni ya pili. Hakupiga hodi kwa sauti. Alikuwa na bakuli lilelile, chakula kipya. Alisimama uani, akalifunua, akaanza kula kwa mkono, taratibu, mama akimwona kupitia mlangoni. Alikula mpaka akalifuta bakuli kwa vidole. Kwetu anayempa mwenzake kitu huonja kwanza, na yeye hakuonja tu, alimaliza.

"Mukecuru, umeona?"

Mama aligeukia ukuta.

Wiki ile mama alivimba miguu. Ngazi mbili za barazani zikamshinda, midomo ikawa rangi ya majivu. Nilikwenda farmasi tatu za Rumonge nikisoma visanduku vyote mwenyewe, mpaka nikapata dawa ya chuma ya maji, tamu, ambayo muganga alikubali kwamba haichomi tumbo kama vidonge. Nami nilikuwa na sababu yangu nyingine ya kuichagua. Kidonge hakionjwi. Maji yanaonjwa.

Nilimwaga kwenye kijiko mbele yake.

"Anza wewe," mama alisema.

Nikanywa. Nikamimina cha pili, akanywa. Hakutapika. Kesho yake tulifanya hivyo tena, na siku zilizofuata, mimi kwanza, yeye baada yangu. Tumbo lilitulia. Nilijisifu, na nilikuwa na haki ya kujisifu, maana hakuna aliyefikiria hilo isipokuwa mimi.

Kisha choo changu nikaona nacho ni cheusi. Nilifurahi. Huu ndio ulikuwa ushahidi, na haukuwa wa karatasi. Nilikaa karibu na mama, nikamwambia bila kuzungusha maneno: "Mama, na mimi natoa lami. Mimi sijala chakula cha jirani hata mara moja. Ni dawa."

Mama alinishika kichwa kwa mikono miwili. Mikono yake ilikuwa baridi kama maji ya ziwa.

"Basi amekufikia na wewe," alisema. "Mwanangu. Labda kwenye kisima." Akakaa akifikiri, kisha akaivuta chupa karibu na mto wake. "Lakini dawa hii inaitoa sumu. Unaona inavyotoka? Tangu nianze kunywa hii nina nguvu kidogo. Tunywe, mwanangu. Tunywe mpaka imalizike yote."

Nilifungua mdomo kumsahihisha. Nikaufunga. Alikuwa ameshika kijiko mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

Tangu hapo sikuhitaji kumbembeleza. Aliniamsha yeye. Rangi ilirudi kwenye kope, udongo akausahau, akaanza kwenda kanisani kwa miguu akipumzika mara moja tu. Na huko kanisani aliwaambia wanawake jinsi alivyolishwa na jinsi mtoto wake msomi alivyojua dawa ya kuitoa. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Walinipa mkono mmoja mmoja.

Sasa hakuna anayenunua mboga kwa jirani. Chikichi zake anazibeba kwa baiskeli mpaka kwenye mashine ya mtu mwingine, mbali. Nilimfuata shambani nikamweleza yote, mpaka mambo ya choo. Alinisikiliza akiwa ameinama kwenye magugu.

"Wewe unajua ukweli," alisema.

"Najua, dada."

"Basi umwambie."

"Nikimwambia ataiacha dawa. Akiiacha atakufa. Nitamwambia akishapona."

Akainuka akajishika kiuno. "Atapona lini?"

Nilisema bado kidogo.

Juzi tulirudi kwa kipimo. Muganga alitabasamu alipoona karatasi ya majibu. Alisema Bujumbura hatuendi tena. Mama akamshukuru Mungu, akanishukuru mimi. Kisha muganga akasema damu imepanda lakini akiba haijajaa, aendelee na dawa miezi mingine, asikose.

"Miezi mingapi?" mama aliuliza.

"Tutaona. Msikimbilie kuacha."

Nilisikia hivyo nikashusha pumzi. Kwenye pikipiki, tukirudi, tulimpita jirani kando ya barabara, mzigo kichwani. Mama aligeuza uso kuelekea ziwani. Mimi nilimwambia dereva aongeze mwendo, vumbi lisimwingie mama kifuani.