Neno la Hakimu Kinywani mwa Muuguzi

Niliondoka Uvira kwa sababu ya wembe. Mama Faila, mlezi wa vijana wanaozuiliwa kule Fizi wakimngoja hakimu, alinipigia simu kuniambia kwamba watoto wake wananyoana vichwa kwa wembe mmoja, wote. "Kuya ubaambie juu ya SIDA," aliniomba, akimaanisha UKIMWI. "Mimi, sauti yangu bameshazoea." Nikafunga vipimo, nyembe mpya na kapoti, yaani kondomu, mkobani, nikapanda pikipiki.

Asubuhi, barabara ya ziwa. Mimi ni muuguzi, tena mtu wa kusinzia safarini, na dereva alikuwa ananiamsha kwa kelele nisianguke. "Mama infirmière, uko unalala?" "Naota tu, baba." Ziwa lilikuwa jeupe, halina ng'ambo. Kijiji cha Swima nilikijua kwa harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokuwa wakianikwa, sikufumbua hata macho.

Mchana, Baraka. Nilikunywa chai nikiitazama rasi ya Ubwari ikielea ndani ya ukungu, haijashikana na kitu. Nilitamani kubaki pale mpaka jioni, lakini dereva alishawasha pikipiki. Njia ikaliacha ziwa, ikapanda milima, baridi ikaniingia shingoni. Fizi tulifika giza likiingia, na Mama Faila akanipa bugali na mchicha wa lengalenga.

Kesho yake niliongea na vijana uani. Niliwaambia kwamba wembe hauna kosa, ila damu husafiri nao kutoka kichwa hadi kichwa. Nikaeleza kapoti, na haki ya kukataa. Kijana mmoja akauliza, "Na busu?" Wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba busu haliambukizi, na wengi wakapumua.

Waliotaka kupimwa waliingia mmoja mmoja kwenye stoo ya maharagi. Wa mwisho alikuwa Riziki, binti wa miaka kumi na sita, mwenyeji wa Swima, aliyekamatwa kwa ajili ya simu iliyopotea sokoni. Mama yake alikuwa hajawahi kuja kumwona, akiona haya. Nilimpima, nikarudia kwa kipimo kingine. Kisha nikasema kwa Kifaransa chetu cha hospitali, "Riziki, jibu ni positif."

Akapiga magoti. Akapiga vigelegele! "Positif! Aksanti Mungu! Naenda kwetu!"

"Nani amekuachilia?" nikauliza. "Juge!" Katika nyumba ile, positif ni neno la hakimu: mlango unafunguliwa. Négatif, unabaki. Ndipo nikaelewa kwa nini wale niliowapa négatif walitoka wakilia, nami nikidhani ni machozi ya furaha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni gani mimi!

"Si iyo, mutoto yangu," nilisema. "Virusi vya SIDA viko mu damu yako. Dawa iko. Ukikunywa kila siku utaishi, utazaa, utazeeka."

Alikaa juu ya gunia. Nje wenzake walikuwa wanaimba, na wimbo ulitufikia kama unatoka mbali sana. "Na ile ya juge?" aliuliza.

"Sijue, mama. Mi siko juge."

"Basi usimuambie mama yangu. Ntamuambia miye mwenyewe. Umuambie tu akuye."

Nilimkumbatia, nikalia. Kisha niliwaita wale wengine, mmoja mmoja, nikawarudishia furaha yao. Dawa za Riziki, kutoka hospitali ya Fizi, alianza jioni ile ile, Mama Faila akiwa pembeni.

Safari ya kurudi, nilishuka Swima. Mama yake Riziki alikuwa anageuza ndagala mchangani; nikamwambia natoka Fizi.

"Juge anasema nini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Bado. Lakini mutoto anakuita. Iko na neno ya kukuambia."

"Neno gani?"

Lilikuwa ulimini kabisa. Nikalimeza. "Ni yake, mama. Atakuambia yeye."

Alisimama, akapangusa mchanga mikononi. Kisha akamwachia jirani samaki, akajifunga kitenge safi, akasimamisha pikipiki ya kwenda Baraka, njia ya Fizi.

Nilichojifunza ni kidogo. Siku hizi namwambia mtoto virusi viko, au haviko, kisha namuuliza amesikia nini. Na siondoki kabla hajanijibu.