Nilimupandisha ku Boda

Usicheke kama ninakuita mwanangu. Najua, niko na miaka makumi tatu na mbili, na ndevu zangu zinakuja kama courant ya umeme ya Butembo: leo upande huu, kesho upande ule. Masomo nilifika mpaka primaire tu, ingine nilijifunzia barabarani. Mais lakini kuko siku moja nilikaa ku matanga kule Mulekera, kwetu Congo, mama moja akaniuliza swali, na pale pale nikazeeka. Kaa hapa nikuambie. Kulikuwa mutu mwenye alikuja kwangu na neno juu ya bibi yake na batoto, na mimi sikumupatia nafasi ya kulisema.

Nilikuwa nimemaliza myaka saba Kampala, ninatengeneza matelefone mu kaduka kamoja kadogo. Unajua sisi benye kuishi inje. Mutu amekula chapati kavu, mais ku photo anasimama pembeni ya motokari ya mwenyewe. Nikiongea na barafiki ba kwetu, nilikuwa naongeza chumvi: "Huku mambo ni muzuri, kujeni mutembee!" Kumbe siku moja bakasema banakuja kweli. Wikendi moja tu.

Balikuwa babili. Paluku ni motard, anabeba batu ku pikipiki kule Butembo; kinywa yake haina frein, haijui kusimama. Kasereka tulikomalea pamoja tangu utoto kule kijiji ya Vuhovi, kisha akaoa Masika, binti wa Mulekera, akabakia upande wa Beni kulima kakao. Kasereka ni mutu wa kimya. Ukimuuliza kama amelala muzuri, anafikiri kwanza.

Balifika vendredi, ijumaa ile, vumbi mpaka ku kope. Kasereka alikuwa na bidon ya mafuta ya ngazi, mawese ya kwetu, yenye alibeba ku magoti njia yote, hata ku mupaka hakuiweka chini.

Paluku akaangalia chumba changu, akaangalia ile rideau, pazia yenye kukata chumba mara mbili.

"Eh, muzungu! Njo hii palais ya ku telefone?"

"Hii ni salon," nikasema. "Palais yenyewe bado banaipaka rangi."

Tulicheka sana. Ile siku mbili sikufanya kitu ingine, mwanangu. Kucheka na kuchekesha. Nilibatembeza mu soko, nikabapiga photo mbele ya nyumba za ma-étage zenye hata mimi sijaingiaka. Kasereka alikuwa anatembea nyuma, anaangalia. Mara moja moja anauliza kitu.

"Hapa nyuma ya rideau mutu anaweza lala?"

"Hapo panya njo banalalaka, na bale banalipa loyer ya nyumba!"

Kisha kidogo: "Batoto ba hapa jirani banasomaka wapi?"

"Hapa batoto banazaliwa na diplôme."

Kesho yake, samedi, tuko tunakula, akauliza tena: "Mwanamuke mwenye kujua kufua nguo, anaweza pata kazi huku?"

"Kaka! Unataka kumukimbia Masika, ukuje kufua nguo za Baganda?"

Paluku akacheka mpaka akaanguka ku matelas ya kulalia. Kasereka naye akacheka. Kidogo.

Mara tatu, mwanangu. Mutu mwenye hasemake, alisema mara tatu.

Dimanche, ibada ikiisha, bisi yao ilikuwa ya saa sita. Mutu fulani alikuwa ananingojea na telefone yake yenye ilianguka mu maji, na mimi nilitaka nimalize kazi ile. Nikatoka inje, nikasimamisha boda mbili ku mulango. Kasereka alikuwa ameshika ile bidon, sasa iko tupu.

"Si tutembee kidogo?" akaniambia. "Saa bado iko."

"Hapa haiko Vuhovi! Hapa mugeni wa heshima anapanda boda, na mimi njo ninalipa!"

Akasimama. Akafungua kinywa. Mwenye boda akawasha moteur.

"Basi, wasingya," akasema. Asante ya kwetu, mu Kinande.

Nilibapepea mukono mpaka kule ku kona. Nilikuwa na furaha kama mutu mwenye amefanya mambo makubwa.

Sasa wewe mwenye kuzaliwa mu ville, mu muji mukubwa, pengine haujui. Kwetu ku kilima, mugeni mwenye kuwa na neno ya muzito haisemi mu nyumba. Mu nyumba kuko batoto, kuko chakula, kuko mutu wa kinywa kama Paluku. Mugeni anakula, anacheka, anaongea habari za mvua. Ile neno anaichunga mpaka siku ya kurudia. Pale njo mwenye nyumba anabeba muzigo yake, banatembea babili. Sokulu wangu, baba ya baba, alikuwa anasindikisha kila mugeni mpaka ku muto. Anarudia amenyamaza. Kesho yake unaona mbuzi imetoka mu kizizi imeenda kwa mutu, ama mutoto wa mutu amekuja kukaa kwetu. Neno ilisemwa kule ku muto. Hata sisi batoto tulijua: mwenye nyumba akitaka kumukatalia mugeni bila kumupatia haya, anamuagia ku mulango.

Na mimi nilijua ile kama jina yangu. Nilifikiri ni mambo ya Vuhovi tu, Kampala haiko.

Haikupita myezi mbili. Telefone yangu ikalia muchana, niko na tournevis ya kufungulia matelefone mu mukono. Ni Paluku. Mais hasemi kitu.

"Aloo? Kinywa imepata frein?"

"Masika," akasema. "Alienda ku shamba kuvuna kakao. Benye bunduki balimukuta kule."

Nikangojea mwisho wa blague, nicheke. Haikukuja.

Nikafika Mulekera wakati bameisha kumuzika. Kasereka alikuwa amekaa chini na babaume, haangalii mutu. Mama ya Kasereka alikuwa na bamama ku mukeka, mutoto mudogo wa Masika analala ku mapaja yake. Nikapiga magoti, nikamusalimia. Akashika mukono yangu, hakuiachilia.

"Mutoto wangu alifika kwako. Ulimulisha muzuri, alituambia. Wasingya."

"Ndiyo, mama."

"Wakati wa kurudia, ulimusindikisha mpaka wapi?"

Kama ungeniona, mwanangu. Mimi mwenye jibu ya kila kitu.

"Mama... nilimupandisha ku boda."

"Wapi?"

"Ku mulango."

"Eeh." Akafunika mutoto muguu na kitenge. "Njo maana alirudia akasema umekatala."

"Mimi? Mama, sikukatala! Hakuniomba kitu!"

"Angekuomba wapi, mwanangu? Ku mulango?"

Hakupandisha sauti. Bamama ba pembeni balikuwa banaimba wimbo ya kanisa, bakaendelea kuimba.

Wakati wa kuaga, Kasereka akasimama. Mutu wa matanga hatokake pale, mais yeye akasimama, akanyanganya kasakoshi kangu, akatangulia. Bamotard banatuita, "Mukubwa, tunaenda?" Anabafanyia hapana na kichwa. Tulitembea mpaka pale njia ndogo inakutana na barabara kubwa. Mimi njo nilianza.

"Kaka, sema sasa."

Akafikiri kwanza, vile iko desturi yake.

"Nilitaka nikuulize kama Masika na batoto banaweza lala nyuma ya ile rideau. Mpaka kuvuna iishe. Bunduki zilikuwa zinasikika karibu." Akaangalia barabara. "Alikuwa ameisha kufunga bintu. Kifurushi kilikuwa ku mulango tangu ile vendredi. Nikarudia, nikamuambia haiko nafasi. Akafungua, akatoa masahani, akapika."

"Nipatie batoto. Leo hii niende nabo."

"Banalilia mama yabo. Mama yabo iko nyuma ya rideau yako?"

Hakusema na kasirani. Alikuwa anauliza tu. Kisha akaniwekea sakoshi mu mukono. "Umefika. Panda."

Nyuma ya rideau niliweka matelas mupya. Mpaka leo bado iko mu nilo yake ya ku duka. Kila mwezi ninamupigia Kasereka, ninamuambia nafasi iko. Ananijibu: "Nimesikia."

Basi, mwanangu, hii njo nasaha yangu, na sina ingine. Mugeni akikuja kwako, mupatie chakula, mufanyie na blague kama uko nazo. Mais mutu wa kimya akiuliza kitu, funga kinywa, usikie. Na siku ya kurudia, acha kazi, acha boda, beba muzigo yake na utembee naye. Usimuulize kitu. Tembea polepole. Neno itakuja yenyewe.

Mungu akupatie nyumba yenye iko na nafasi nyuma ya rideau, na asikuache uzeeke mbele ya wakati kama mimi.

Unasimama? Unaenda? Ngojea nivae viatu. Leta ile sakoshi, nikufikishe mpaka ku barabara kubwa.