Duara la Arobaini na Sita

Kalenda ya jikoni kwa Ummukulthum, pale fletini Thornton Heath, ilikuwa na maduara mekundu arobaini na tano, na la arobaini na sita lilikuwa haramu kama nguruwe. Kila duara ni usiku mmoja aliolala Soud, mumewe, ndani ya Uingereza.

Soud ni golikipa. Si wale wa kubandikwa kwenye mabango, la, golikipa wa kawaida tu wa klabu ndogo ya Ghuba, kule ambako mshahara haukatwi kodi hata senti. Akilala huku zaidi ya nyusiku arobaini na tano kwa mwaka, serikali inamhesabu mkaazi, na mshahara wake wote, hata wa kule, unaingia kodini. Na hapo klabu nayo inaumia, maana mkataba unasema Soud apate pesa zake nzima nzima. Kodi ikizuka popote, klabu ndiyo ilipe. Rais wa klabu si mjinga. Kaongeza mstari mmoja chini: golikipa akigeuka mkaazi wa Uingereza, mkataba umekufa.

Sasa si Ummu amfuate mumewe? Amfuate, na baba yake amwachie nani? Mzee anafungwa mashine ya figo mara tatu kwa wiki, haendi popote. Basi Soud yuko golini, Ummu yuko kwa mzee, na katikati iko kalenda. Hesabu anaishika Ummu mwenyewe, kwa sababu Soud anadaka mipira, tarehe hadaki.

Mwaka wa kodi huku unaisha tarehe tano Aprili. Na Ummu ana mimba; mtoto alikuwa azaliwe katikati ya mwezi huo, lakini alikuja na haraka zake. Alfajiri ya tarehe tano uchungu ukamshika Ummu, na maduara yote yameshakwisha. Akapiga simu Ghuba huku kaegemea friji.

"Panda ndege, lakini utue baada ya Magharibi. Magharibi ikiingia ni usiku wa tarehe sita. Mwaka mpya huo."

"Una hakika, Ummu?"

"Soud, mimi nimezaliwa Mombasa. Usiku wa Ijumaa ni upi, si Alhamisi jioni?"

Soud akatua Gatwick jua limeshazama. Ummu, kalala hospitali Lewisham, akafurahi hadi akamwandikia Vijay, mhasibu wao wa Kingsbury: mume wangu ameingia, heri ya mwaka mpya. Vijay akapiga simu hapo hapo.

"Dada Ummu, nani kakwambia mwaka umeingia?"

"Magharibi si imepita?"

Vijay naye ni mtoto wa Mombasa, hakucheka. "Hata mama yangu alikuwa akihesabu hivyo. Hawa wanaangalia saa sita ya usiku. Akikutwa ndani saa sita leo, hiyo ni ya tarehe tano. Ni ya arobaini na sita."

"Na tukinyamaza?"

"Uwanja wa ndege umeshamwandika, dada. Na klabu inataka saini yangu kwenye hesabu hiyo ya siku."

Ummu akakata simu. Wallahi alitamani kunyamaza, mkataba ufe, mume arudi nyumbani moja kwa moja. Lakini kodi ya nyumba inalipwa na mkataba huo huo, na golikipa wa miaka thelathini na tano nani atamchukua? Uchungu ukambana, akasubiri upite, akapiga.

"Niko Croydon," Soud akasema, sauti inacheka. "Nusu saa tu, mke wangu."

"Geuza teksi."

Akamweleza. Soud akasema, "Nakuja. Mkataba na ufe."

"Ukifa tutakula maduara? Kuna ndege ya mwisho ya Dublin, huko si Uingereza. Kalale huko, asubuhi urudi. Geuza, baba, kabla sijabadili mawazo."

Kwenye simu akamsikia akimsemesha dereva, polepole, kama mtu anayeomba radhi.

Mtoto akazaliwa saa tano na robo, msichana. Adhana aliadhiniwa kwa simu: nesi kashika simu kwenye sikio la kulia, Soud yuko Dublin, anaadhini kwa sauti ya chini asiwashtue wasafiri.

Asubuhi aliingia na begi lake, macho mekundu, akambeba mwanawe. Kisha akakaa kitandani.

"Kocha kanipa ruhusa. Arobaini yako nitakaa yote, sitoki."

Ummu akawa anahesabu moyoni. Arobaini ya uzazi itakula nyusiku arobaini. Zinabaki tano, mpaka Aprili nyingine.

"Na Idi?" akauliza.

"Siku mbili."

"Na mzee akizidiwa?"

Soud akamtazama mtoto. Ummu akafungua mkoba, akatoa ile kalamu nyekundu, akamwomba amletee kalenda kutoka nyumbani.